Kiganja Mbele ya Mdomo

Barua ilifika mchana, askari akiwa amesimama juu ya kigoda na suruali yenye mguu mmoja mfupi na mmoja mrefu. Bibi Fundi alikuwa amepiga magoti sakafuni, pini tatu katikati ya midomo, akikunja pindo la mguu wa kushoto. Mjukuu wake aliingia na mkoba mgongoni, hakusalimia mtu, akanyoosha karatasi iliyokunjwa mara nne.

Mtoto huyo walimwita Chiriku, kwa sababu alianza kusema asubuhi kabla hajafumbua macho, na hakunyamaza mpaka atiwe kijiko kinywani. Alikuwa na miaka saba, darasa la kwanza. Mwezi huo meno yake mawili ya mbele, ya juu, yalikuwa yameng'oka kwa kufuatana, na akicheka alifanana na nyumba iliyosahauliwa mlango wazi.

"Weka hapo mezani," Bibi akasema, pini zikicheza midomoni.

"Mwalimu kasema isomwe leo leo."

"Nina mikono mingapi mimi?"

"Lete nikusomee, mama," askari akasema kutoka juu ya kigoda. "Barua za watu ndiyo kazi yetu."

Akaifungua, akakohoa, akaisoma kwa sauti ileile ya kusomea mashtaka. Mlezi wa mwanafunzi huyu afike shuleni kesho saa mbili asubuhi. Mwanafunzi hasomi maneno yenye herufi mbili zinazotoa sauti moja, kama vile sh, th na dh. Tena anakataa kufungua mdomo mbele ya wenzake. Siku ya Ijumaa mwalimu mkuu atawapima wote, na atakayeshindwa atarudishwa chekechea.

Kwenye benchi walikuwepo wanawake wawili wanaosubiri zipu zao. Mmoja akasema, "Maskini," kwa sauti ndogo ya huruma, na neno hilo likamchoma Bibi kuliko barua nzima.

"Nani anakataa kufungua mdomo? Huyu?" askari akacheka hadi kigoda kikayumba. "Juzi kanihoji mpaka nikasahau nilikuwa nimefuata nini!"

Bibi alitema pini kiganjani, akacheka naye ili kuokoa uso, na mkono wake wa kushoto ukapanda ukafunika mdomo. Hakuwa na meno manne ya mbele, ya juu. Kwa miaka tisa hakuna mteja aliyeyaona yale mafizi, kwa maana mkono ulipanda wenyewe, kama kope inavyofumba vumbi likija. Mwenyewe alikwisha kusahau kwamba anafanya hivyo.

Chiriku alikuwa amekwenda kukaa nyuma ya cherehani, chini, kwenye vipande vya vitambaa. Tangu aingie hakuwa amesema zaidi ya maneno sita.

Mama yake Chiriku alikuwa dobi wa hospitali. Alirudi jua limeshalala upande, vidole vimejikunja kwa sabuni kama vya mtoto aliyekaa sana kwenye maji, akaisoma barua akiwa bado amesimama mlangoni.

"Mama, si uliniambia mnasoma kila siku?"

"Tunasoma kila siku."

"Sasa hii nini? Chekechea tena? Mtoto ana miaka saba, akakae na watoto wanaolala mchana?"

"Usinipigie kelele mimi. Sikuandika mimi barua." Bibi akavuta kiti. "Chiriku, leta kitabu. Tumsomee mama yako ajue."

Wakakaa kama walivyozoea, Bibi upande huu wa meza, Chiriku upande ule, kitabu katikati. Mama yake aliwapa mgongo, akaanza kumenya viazi. Bibi aliweka kidole chini ya neno, akafunika mdomo, akasoma. Chiriku naye akaweka kidole, akafunika mdomo, akasoma. Shati. Shoka. Chungu. Nyuki. Walipofika kwenye thelathini, neno lilitoka kwa Bibi likiwa limejaa upepo, likatoka kwa Chiriku vilevile, pacha wake.

"Mbona anasoma?" mama akasema bila kugeuka.

"Ndiyo nakwambia! Huyo mwalimu ana lake jambo. Pengine hampendi tu." Bibi akafunga kitabu kwa kishindo. "Kesho nakwenda mwenyewe. Atanieleza vizuri."

"Usiende kugombana, mama. Nakujua."

"Nani kagombana? Nakwenda kusalimia."

"Ukisalimia wewe, watu huokota meno chini."

"Afadhali wana meno," Bibi akasema, wakacheka wote wawili, isipokuwa Chiriku, aliyekuwa akiangalia viazi.

Kesho yake asubuhi Bibi alijifunga kitambaa chake cha kutokea, akatembea hadi shuleni na maneno yote ameyapanga kichwani kama nguo kwenye kamba. Yakaanguka yote mlangoni. Watoto sabini na mmoja waliinuka kwa pamoja wakamwamkia, "Shikamoo Bibi!" kwa kuimba, na mwalimu, msichana ambaye angeweza kuwa kitindamimba wake, akageuka kutoka ubaoni, sauti imemkauka kabisa.

"Karibu, mama. Nisamehe, siwezi kuwaacha. Kaa nyuma pale, uone mwenyewe, halafu tutaongea."

Bibi alikaa kwenye benchi la mwisho, magoti yakamfika kidevuni. Mvulana mwenye kamasi akamsogezea nafasi, akampa na nusu ya penseli.

Mwalimu aliandika herufi mbili ubaoni. "Hizi ni mbili, lakini zikikaa pamoja zinasema neno moja tu, kama mume na mke waliopatana. Tazameni mdomo wangu. Msisikie kwanza. Tazameni." Akachungulisha ncha ya ulimi katikati ya meno, akapuliza. Thhh. Darasa zima likachungulisha ulimi, likapuliza, mate yakaruka mistari mitatu mbele. Bibi hakuwahi kufundishwa hivyo. Enzi zake waliimba tu, tha the thi tho thu, fimbo ikihesabu.

"Sasa tusikie mmoja mmoja. Chiriku."

Hata shuleni walimwita hivyo! Bibi akajinyoosha. Chiriku alitembea mpaka ubaoni. Mwalimu akamwonyesha neno. Mtoto akalitazama, akainua mkono wa kushoto, akafunika mdomo, akasema kitu nyuma ya kiganja.

Kicheko kikalipuka. Watoto ishirini, thelathini, wakafunika midomo yao kumwigiza, wakinong'ona fu fu fu fu.

"Kimya! Chiriku, shusha mkono, mama. Nataka nione ulimi."

Mkono ukashuka. Midomo ikajibana kama mfuko uliovutwa kamba. Mwalimu akasubiri. Mtoto akasimama pale, macho chini, kidole gumba cha mguu kikichora sakafu.

Kule nyuma Bibi aliona uchungu ukimpanda. Alitaka kusema, "Sema, mwanangu," lakini kilichotoka ni pumzi tu, na kiganja kikapanda kikafunika mdomo.

Ndipo mwalimu alipoinua macho. Alimtazama yule aliyekaa nyuma, akamtazama yule aliyesimama ubaoni, akarudi tena nyuma. Bibi aliyafuata macho yale, yakamfikisha kwenye mkono wake mwenyewe. Akauona, kana kwamba ni mkono wa mtu mwingine uliowekwa usoni pake bila ruhusa. Akaushusha taratibu, akauficha chini ya benchi.

"Nyumbani anasoma na nani?" mwalimu akamuuliza baadaye, wamesimama barazani, darasa nyuma yao likiunguruma.

"Na mimi."

"Mnakaa vipi?"

"Uso kwa uso. Mwalimu, sema tu. Ni mimi niliyemharibu."

"Hapana, mama. Umemfundisha vizuri, herufi zote anazijua, anazijua kuliko wengi. Ila sauti hizi mtoto huziiba mdomoni mwa mtu. Mdomo ukifunikwa, anaiba kiganja." Akatabasamu kidogo, kwa woga. "Hana mwingine wa kusoma naye?"

"Mama yake anaondoka alfajiri, akirudi hata kijiko ni kizito. Hana mwingine."

"Basi itabidi auone."

"Auone nini?"

"Mdomo wako, mama."

Bibi akatazama uwanjani, ambako hapakuwa na cha kutazama. Ilikuwa Jumanne.

Siku ile alasiri, kwa mara ya kwanza tangu afungue, Bibi Fundi alifunga mlango wa duka jua likiwaka. Alichukua kioo cha wateja, akakiegemeza ukutani, akatandaza gunia mbele yake.

"Mke mwenzangu, njoo hapa."

"Nimekosa nini?"

"Hujakosa. Nimekosa mimi. Kaa."

Alikaa, akauchukua mkono wake wa kushoto akaukalia kabisa, akaubana chini ya paja. Halafu akafungua mdomo mbele ya kioo. Alikuwa hajajitazama hivyo kwa muda mrefu. Meno yaliyobaki yalisimama mbalimbali, kama watu waliogombana kwenye foleni.

Chiriku alikuwa ameyaona mafizi yale kwa haraka tu, mdomo ukienda mbio kwenye mwanga mdogo wa usiku. Sasa alisogea mpaka pua ikakaribia kuingia ndani.

"Bibi! Na wewe umeng'oka!"

"Mimi zamani."

"Yako yanaota lini?"

"Yangu hayaoti tena. Zamu yangu ilishapita."

Mtoto akafikiri. "Yangu yakiota nitakuazima. Jumamosi na Jumapili, siku ambazo siendi shule."

"Mungu akuweke, mume wangu hakuwahi kuniahidi kitu kama hicho." Bibi alihisi mkono ukitapatapa chini ya paja, akaukalia zaidi. "Sasa niambie. Kwa nini unafunika mdomo ukisoma?"

"Si ndivyo watu wanavyosoma?"

"Nani kakwambia?"

"Wewe hufuniki ukila. Hufuniki ukinigombeza. Ukisoma unafunika. Nikajua ndiyo adabu ya kusoma."

Kweli, nyumbani hakuwa na haja ya kuficha kitu. Lakini kusoma kulimrudisha kwa watu, kukamfanya ajione anasikilizwa, na mkono ukapanda. Mtoto alikuwa ameliona jambo ambalo mwenye mkono hakuliona.

"Si adabu," akasema. "Ni aibu yangu tu. Ukaiokota wewe ukadhani ni somo."

Wakaanza. Sh ilikubali mara moja. Ch ikabisha kidogo, ikakubali. Bibi alijaribu kueleza kwa lugha aliyoijua. "Chukua vitambaa viwili. Ukivishona, si vinakuwa nguo moja?"

"Ndiyo. Lakini Bibi, mshono unaonekana."

"Haya, achana na mshono."

Th ilikuwa mtihani. Mwalimu alisema ulimi ukae kati ya meno, na hapo palikuwa na ndimi mbili zisizo na meno ya kukaa kati yake. Chiriku alipuliza, ulimi ukatoka wote kama wa mbuzi anayelamba chumvi. Bibi akapuliza, mate yakapaka kioo. Wakafuta kioo. Wakarudia. Mara moja mwanamke wa zipu alisukuma dirisha, akakuta watu wawili wamekaa chini, ndimi nje.

"Bibi Fundi! Mnaumwa?"

"Tunasoma!" Bibi akajibu, na dirisha likafungwa haraka.

Ilikuwa Jumatano, karibu na kukata tamaa, ndipo Bibi alipogundua. Alikuwa akijitazama kiooni, akiutafutia ulimi mahali pa kuegemea kama mtu anayetafuta fimbo gizani, ukagusa mdomo wa juu, pale ambapo meno yangekuwepo. Akapuliza polepole. Pumzi ikapita nyembamba, kavu, safi. Thhh.

Wakatazamana.

"Rudia," Chiriku akasema, kwa sauti ya mwalimu wake.

"Themanini," akasema Bibi. Neno lililokuwa limepotea miaka tisa likatoka likiwa zima. Akalisema tena, na tena, akaongeza thamani, akaongeza methali, mpaka Chiriku akamvuta sikio.

"Bibi, ni zamu yangu!"

Kwa dh alimshika mtoto mkono akauweka kooni mwake. Ulimi palepale, lakini huku chini pawe na cherehani inayokimbia. Dhahabu. Unaisikia? Chiriku akaweka mkono mmoja kooni kwa Bibi, mmoja kooni mwake, akasema dhahabu, macho yakamtoka. "Inatembea! Cherehani inatembea!" Mama yake aliporudi toka kazini hakupokelewa mkoba, alikamatwa koo mlangoni na kuamriwa aseme fedha.

"Nyie wawili mmepata wazimu," akasema, koo limeshikwa. Halafu akasema, "Fedha," na wakampigia makofi.

Ijumaa wazazi walisimama nje ya madirisha ya darasa. Ndani, mwalimu mkuu alikaa nyuma ya meza na kadi kumi na tatu, miwani puani, kalamu nyekundu mkononi. Neno likikosewa, alichora. Aliyekosa zaidi ya manne alionyeshwa kwa kalamu upande wa mlango. Wanne walikuwa wamekwisha kupelekwa huko, na mmoja alikuwa akilia bila sauti, ndiyo mbaya zaidi.

Chiriku akaitwa. Mikono yote miwili ilikuwa imeshika sketi.

"Shati," akasoma. "Chumba. Nyundo." Kadi ya nne ilikuwa na ng'ombe, akaikosa, kalamu ikachora. Akakosa na ng'ambo. Bibi nje alishika chuma cha dirisha.

Kadi ya sita. Chiriku akaegemeza ulimi kwenye mdomo wa juu. "The-ma-ni-ni."

Kalamu ikasimama hewani. "Wewe. Mbona unanitolea ulimi?"

Darasa likacheka. Mwalimu wa darasa akafungua mdomo kueleza, lakini mwalimu mkuu aliinua kidole. "Namuuliza yeye."

Mkono wa kushoto wa Chiriku uliachia sketi, ukaanza kupanda. Ulifika kifuani. Kalamu nyekundu ilikuwa inashuka kwenye karatasi.

"Mwalimu mkuu, hakutolei ulimi!" Sauti ya Bibi ilipita dirishani kabla hajajua kwamba ni yake. "Hana meno ya kuuwekea. Hutamka hivi asiye na meno. Nitazame." Akasogeza uso katikati ya vyuma, mbele ya wazazi, mbele ya watoto sabini na mmoja, akafungua mdomo wote, mafizi kwenye jua. "The-ma-ni-ni. Umesikia? Mimi nina manne hayapo, yeye mawili. Neno ni lilelile."

Mzazi mmoja pembeni akaguna. Mwingine akacheka puani. Bibi akayasikia yote mawili, na mikono yake ikabaki kwenye chuma.

"Mama," mwalimu mkuu akasema taratibu, "anayepimwa ni mtoto, si wewe."

"Basi mpime kwa masikio, mwalimu wangu. Macho yanakupotosha."

Mwalimu mkuu alimtazama Bibi juu ya miwani. Kisha akaivua, akaiweka mezani, akafumba macho.

"Soma, mtoto."

Mkono ulikuwa bado kifuani. Ukapanda tena, lakini ulipita kando, ukatulia kooni.

"Themanini," Chiriku akasoma. "Dhahabu. Methali." Akakosa ghala, akaipata ghorofa. "Fedha. Shangazi." Neno la mwisho lilikuwa refu, akalitazama sana, akalivuta silabi kwa silabi, mwalimu wa darasa akitikisa midomo naye bila kujijua. "Nya-ma-za."

Mwalimu mkuu akafumbua macho, akahesabu alama nyekundu. Tatu.

"Abaki," akasema. Kisha, akivaa miwani, "Meno yatakuja yenyewe. Na neno hilo la mwisho, mwanangu, naambiwa nyumbani hulijui kabisa."

Njia ya kurudi, ambayo kwa kawaida ni ya dakika kumi, iliwachukua saa nzima, kwa sababu hapakuwa na kitu kilichoandikwa ambacho Chiriku alikubali kukipita. Alisoma duka la dawa. Alisoma kinyozi. Alisoma gunia la saruji na mfuniko wa ndoo. Bibi alibeba mkoba, akiitikia "ehee" kila baada ya neno, miguu inamuuma na hajali.

Walipofika kwenye ukuta mrefu wa kiwanda, palikuwa na baba mmoja amesimama akiwapa mgongo, shati jeupe, tai begani, ameutazama ukuta kwa utulivu mkubwa. Juu ya kichwa chake palikuwa na maandishi mekundu. Bibi akataka kumvuta mtoto wapite. Alikuwa amechelewa.

"Ta-fa-dha-li," Chiriku akasoma kwa sauti ya kujaza mtaa, mkono kooni, "u-si-ko-jo-e ha-pa!"

Yule baba aliruka. Alipapasa suruali, zipu ikapanda nusu ikakwama, akageuka na gazeti mbele yake.

"Bibi," Chiriku akasema kwa masikitiko, "kumbe huyu baba hajui kusoma."

"Najua, najua kusoma," yule baba akasema, jasho linamtoka.

"Usione aibu. Hata mimi sikuwa najua." Akamsogelea, akainua uso, akamwonyesha pengo lake. "Tazama mdomo wangu. Ulimi unakaa hapa. Wewe una meno, kwako rahisi. Sema: tafadhali."

Baba wa watu alimtazama Bibi amwokoe. Bibi alikuwa ameegemea ukuta, mkoba umemwanguka, anacheka kwa mafizi yote, machozi yanamshuka.

"Tafadhali," akasema yule baba.

"Umeona?" Chiriku akampapasa mkono. "Wewe hurudishwi chekechea."